Jinsi ya Kuitembelea Manowari ya Vasa, Stockholm, Pamoja na Watoto

Manowari ya Vasa ilizama katika bandari ya Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, katika safari yake ya kwanza kabisa, baada ya kwenda mwendo wa mita 1,300 hivi. Ilikaa chini ya maji kwa miaka 333, ikaopolewa mwaka 1961, na leo imesimama nzima ndani ya jumba la makumbusho lililojengwa kuizunguka katika kisiwa cha Djurgården, karibu kabisa na katikati ya mji. Miongoni mwa mahali pote ambapo familia inaweza kupeleka watoto katika mji mkuu huo wa Uswidi, sioni panapofaa kuliko hapa, kwa sababu mtoto hapewi vitu vya kutazama tu, bali anapewa swali la kutafutia jibu. Ilikuwaje meli mpya, iliyojengwa na mafundi hodari kwa mali ya mfalme, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji kwa upepo ambao haukuwa hata wa dhoruba? Familia inayoingia na swali hilo hukaa saa mbili bila kuziona; familia isiyo nalo huizunguka meli mara moja, hupiga picha, na baada ya nusu saa watoto huwa wamechoka.

Mwongozo huu unawalenga zaidi wazazi wanaozungumza Kiswahili ambao wanalea watoto Uswidi na nchi za jirani, pamoja na wale wanaotembelewa na babu, bibi au shangazi kutoka nyumbani na wanatafuta siku moja itakayowafaa wakubwa na wadogo kwa pamoja.

Andaa swali kabla ya kuandaa safari

Siku chache kabla ya kwenda, wasimulie watoto kisa cha meli hii, lakini usikimalize. Waambie kwamba Mfalme Gustav II Adolf alikuwa vitani na Poland, iliyotawaliwa na mtu wa ukoo wake mwenyewe, na kwamba alitaka manowari ambayo adui angeiogopa kwa kuiona tu. Waambie kwamba fundi mkuu aliyepewa kazi hiyo alikuwa Mholanzi, Henrik Hybertsson, kwamba aliugua na kufariki mwaka 1627 meli ikiwa bado haijakamilika, na kwamba kazi ilimalizwa na msaidizi wake, Hein Jacobsson. Halafu wafikishe kwenye Jumapili ile ya Agosti: watu wamejaa ufukoni, mabaharia wameruhusiwa kupanda na wake zao na watoto kwa kipande cha kwanza cha safari, matanga manne kati ya kumi yametwekwa, na mizinga imepiga saluti. Upepo ukavuma kutoka upande wa vilima, meli ikalala, ikajiinua kwa shida, kisha upepo wa pili ukailaza kabisa upande wa kushoto, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyoachwa wazi, na ikazama. Hapo nyamaza. Mtoto atakuuliza kwa nini, nawe mjibu kwamba mtakwenda kulitafuta jibu pamoja.

Kwa watoto wa umri wa miaka mitano na zaidi, kuna jaribio moja la nyumbani ambalo ninalihimiza sana, kwa kuwa bila hilo maelezo ya makumbusho hubaki maneno matupu. Jaza maji katika beseni, kisha chukua boksi la maziwa lililo tupu, likate upande mmoja ili liwe mfano wa chombo, na uliweke lielee majini. Mwache mtoto aweke vijiwe sakafuni mwake mpaka litulie. Hiyo ndiyo farumi, mzigo wa chini unaokifanya chombo kisimame wima. Sasa weka kipande cha ubao juu ya kingo zake, panga vijiwe vingine juu ya ubao huo, na mwambie mtoto apulize kutoka ubavuni. Boksi litalala na kumwaga kila kitu. Mtoto mwenye akili atapendekeza kuongeza farumi, na pendekezo hilo ni zuri, kwa hiyo mfuate: ongezeni mawe ya chini, mwone jinsi boksi linavyozidi kuzama na kingo zake zinavyoukaribia uso wa maji. Kisha toboa matundu mawili ubavuni, yawe ndiyo madirisha ya mizinga, na uache maji yaeleze yaliyobaki. Hapo mtoto atakuwa amelikamata tatizo la Vasa kwa mikono yake: meli ilihitaji uzito zaidi chini, lakini uzito huo ungeyashusha madirisha ya mizinga hadi kwenye maji.

Mfundishe pia sehemu za chombo kwa Kiswahili: mkuku (boriti kuu ya chini), mataruma (mbavu), omo (sehemu ya mbele), shetri (sehemu ya nyuma), mlingoti, foromali (boriti ya kuning'inizia tanga), usukani, farumi na ngama (sehemu ya chini kabisa ndani, yanapokusanyika maji). Kama mnaye babu au mjomba aliyekulia Lamu, Tanga, Pemba au Mtwara na kuzoea majahazi, mpe yeye kazi hii, na siku ya matembezi yeye ndiye awe kiongozi wa watoto mbele ya meli. Mzee wa pwani akisimama chini ya mkuku wa Vasa ataona mambo ambayo mgeni wa kawaida hayaoni, kuanzia jinsi mbao zilivyoungwa hadi jinsi kamba za milingoti zilivyofungwa, na watoto watamsikiliza kwa namna ambayo hawasikilizi kibao cha maelezo ukutani.

Saa, nguo na njia ya kufika

Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 huingia bure, na watu wazima hulipa kiingilio ambacho hubadilika kulingana na msimu. Kwa hiyo tazama tovuti ya makumbusho kabla ya kuondoka, uhakikishe bei na saa za kufungua kwa siku unayokwenda. Malipo ni kwa kadi, si kwa fedha taslimu, na hili lafaa kuambiwa mgeni aliyetoka nyumbani na kronor mfukoni. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti watu ni wengi mno tangu asubuhi iliyopevuka hadi alasiri, hivyo fikeni mara milango inapofunguliwa au mngoje mpaka zibaki saa mbili na nusu hivi kabla ya kufungwa. Majira ya baridi ni tulivu zaidi, na kwa familia inayoishi Uswidi ningeshauri Jumamosi ya Novemba au Februari, wakati nje hakuna la maana kwa mtoto kufanya na ndani mna nafasi ya kusimama popote mtakapo.

Beba sweta kwa kila mtu, hata kama ni Julai na jua linawaka. Ukumbi wa meli hudumishwa katika joto la nyuzi 18 hadi 20, mwanga wake ni hafifu, na yote mawili ni kwa ajili ya mbao. Jambo hili lina kisa ambacho watoto hukipenda. Katika kiangazi cha mwaka 2000 mvua ilinyesha mno, wageni wakamiminika ndani wakiwa wamelowa, na unyevu ulioletwa na makoti yao ukachangia madoa ya chumvi zenye asidi kujitokeza juu ya mbao za meli. Wataalamu waligundua kuwa ndani ya mbao hizo mmejificha salfa nyingi iliyotoka katika maji machafu ya bandari, na kwamba salfa hiyo hugeuka kuwa asidi, chuma cha misumari kikiichochea. Baada ya hapo mitambo ya hewa iliboreshwa, na maelfu ya bolti za chuma zilizokuwa zikishika kutu yakabadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Basi ikiwa mmefika na mvua, kung'uteni makoti na miavuli nje, mtoto ajue kuwa naye anaitunza meli.

Tramu namba 7 hutoka katikati ya mji na kusimama karibu na makumbusho, na ndiyo njia nyepesi kwa mwenye kigari cha mtoto. Hata hivyo, ikiwa hali ya hewa inaruhusu, pandeni feri ya kutoka gati la Slussen, katikati ya mji, kwenda Djurgården, ambayo hutumia tiketi ile ile ya usafiri wa mji, ingawa mtatembea dakika kumi hivi mkishashuka. Feri hiyo hukata maji yale yale ambayo Vasa iliyapita siku yake ya mwisho. Mkiondoka, mtaacha nyuma upande lilipo kasri la mfalme, ambako meli ilipakiwa. Mkono wa kulia mtaona majabali ya Södermalm, ambayo yaliikinga meli na upepo mpaka ilipofika kwenye mwanya. Na mbele, kando ya gati mtakaloshukia, kuna kisiwa kidogo cha Beckholmen, na karibu na hapo ndipo ilipozamia, katika kina cha mita 32. Safari ni ya dakika chache tu, lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kuirudia hadithi mliyoianza nyumbani.

Mkishaingia, anzeni chini

Mlango unawaingiza moja kwa moja mbele ya meli, na hapo usiseme lolote. Mwache kila mtu atazame. Vasa ina urefu wa mita 69 ukihesabu na mlingoti wa mbele unaotokeza kwenye omo, na mlingoti wake mkuu, ungekuwa umesimama kamili, ungefika mita 52.5, kwa sababu hiyo juu ya paa la jumba, nje, kumesimamishwa milingoti ya chuma inayoonyesha kimo chake cha asili. Zaidi ya asilimia 98 ya mnachokiona ni mbao zenyewe za karne ya 17, nyingi zikiwa za mwaloni. Jambo moja liseme mapema, kabla mtoto hajajijengea matumaini: hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda melini. Badala yake imejengwa nakala ya sehemu ya sitaha ya mizinga kwa ukubwa wake halisi, ambamo watoto wanaweza kuingia, kuinama chini ya boriti na kusimama kando ya mzinga. Ukimwambia hivyo mlangoni, hatalia baadaye.

Kuna filamu fupi, isiyofika dakika ishirini, inayoeleza kuzama na kuopolewa. Kwa watoto waliokwisha kusimuliwa kisa nyumbani inafaa sana. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne ni bora mzazi mmoja abaki naye nje.

Kisha, badala ya kuzunguka hapo hapo mlipoingilia kama wafanyavyo wengi, shukeni hadi ghorofa ya chini kabisa, mkasimame chini ya mkuku. Jumba hili lina ghorofa kadhaa zinazoizunguka meli, na faida yake ni kwamba unaweza kuisoma kutoka chini kwenda juu. Mwulize mtoto maji yalifika wapi. Chombo kikielea, sehemu yake iliyokuwa chini ya maji ilikuwa mita 4.8 tu, ilhali shetri yake inapanda hadi mita 19.3 kutoka kwenye mkuku. Mwache atazame juu, apime kwa macho, aone jinsi sehemu ya chini ilivyo nyembamba na ya juu ilivyorundikwa. Mtoto aliyefanya jaribio la beseni mara nyingi hutoa jibu hapo hapo, na hapo mzazi ajizuie kusema kuwa kisa kimekwisha, kwa sababu jibu hilo ni nusu tu. Tani 120 hivi za mawe zilipakiwa kuwa farumi. Kwa nini hawakuongeza? Kwa nini hawakupanua chombo? Na je, hakuna aliyejua?

Maswali hayo ndiyo yanawapandisha ghorofa za katikati, kwenye safu mbili za madirisha ya mizinga. Vasa ilibeba mizinga 64, na 48 kati yake ilikuwa mikubwa, ya kurusha tufe la ratili 24, kila mmoja ukiwa na uzito unaozidi tani moja. Si jambo la kawaida kwamba mizinga mikubwa namna hiyo iliwekwa katika sitaha zote mbili, ya chini na ya juu, badala ya mizito kuwekwa chini na myepesi juu. Ili sitaha ya juu iweze kuibeba ilibidi mbao zake ziwe nene, na unene huo nao ukaongeza uzito juu. Hapa mtoto aanze kuona kuwa meli haikuzamishwa na kosa moja.

Simulieni sasa jaribio lililofanywa kabla ya safari. Mabaharia 30 waliamriwa kukimbia kwa pamoja kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi mwingine, mbele ya makamu wa amiri, Klas Fleming, ili ionekane jinsi meli inavyoyumba. Walipokimbia mara ya tatu ilikuwa inalala kiasi cha kutisha, jaribio likasimamishwa, na safari haikusimamishwa. Mfalme alikuwa mbali, vitani, akituma barua za kuhimiza meli iondoke. Kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, hii ndiyo sehemu iliyo na uzito kuliko zote, na nawashauri wazazi wakae juu yake kwa muda: watu wenye ujuzi waliona hatari kwa macho yao, na hakuna aliyethubutu kumwambia mkubwa wake kwamba meli isiondoke.

Tafuteni pia vijiti vya kupimia vya maseremala, vilivyokutwa ndani ya meli. Viwili vilipima kwa futi ya Uswidi yenye inchi 12, na viwili kwa futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Mafundi wa mataifa mawili walifanya kazi ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kipimo chake, na vipimo vya sasa vinaonyesha kwamba pande mbili za meli hazilingani. Mtoto anayechukia hesabu za vipimo shuleni aonyeshwe vijiti hivi bila kuhubiriwa.

Ghorofa za juu ni za furaha, na ndizo watakazozipenda watoto wadogo. Shetri yote imejaa nakshi. Meli nzima ina mamia ya sanamu na mapambo ya kuchonga. Leo mbao ni za rangi ya kahawia iliyokolea, lakini uchunguzi wa mabaki ya rangi umeonyesha kuwa zilipakwa rangi kali, nyekundu, kijani, samawati na dhahabu, kama inavyoonekana kwenye nakala ya meli, yenye moja ya kumi ya ukubwa wake, iliyowekwa mbele ya meli yenyewe. Wape wadogo kazi ya kutafuta simba. Wako wengi: kuna simba mkubwa anayeruka kwenye omo, kuna simba katika nembo ya shetri, na kuna vichwa vya simba ndani ya milango ya madirisha ya mizinga, vilivyoonekana pale tu milango ilipofunguliwa kwa vita. Wakubwa kidogo watafute, karibu na omo, sanamu ya bwana wa Kipoland aliyejikunyata chini ya kiti, tusi lililochongwa kwa makusudi ili adui alione. Meli hii ilikuwa silaha, na nakshi zake pia zilikuwa silaha.

Ilivyodumu na ilivyopandishwa

Mgeni wa kutoka pwani yetu atauliza jambo ambalo Mswidi huenda asiliulize: mbao zilikaaje baharini karne tatu bila kuliwa? Kwetu, chombo kisichopakwa deheni, yaani mafuta ya kukinga mbao, hutobolewa na mnyoo wa baharini kabla ya muda mrefu. Mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna ilizama chini ya kuta za ngome hiyo, Mombasa, na wanaakiolojia walipoichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980 walikuta sehemu ya chini tu, iliyofunikwa na matope. Vitu vyake vingi vimo katika makumbusho ya Ngome hiyo, nayo ni ziara nzuri kwa familia inayokwenda nyumbani likizo. Maji ya Baltiki karibu na Stockholm yana chumvi kidogo mno, na mnyoo huyo hawezi kuishi humo. Anders Franzén, mtafiti aliyeitafuta Vasa kwa miaka, aliliweka jambo hili mbele katika fikra zake: meli za kale za eneo hili lazima bado zipo. Mwaka 1956 chombo chake cha kuchukulia sampuli kilileta juu kipande cha mwaloni mweusi, na mzamiaji Per Edvin Fälting aliposhuka alipapasa gizani akakuta safu mbili za madirisha ya mizinga.

Sehemu inayoeleza uopoaji inastahili muda wenu. Wazamiaji wa jeshi la majini walichimba mahandaki sita chini ya meli kwa mipira ya maji ya nguvu, katika giza na matope, huku juu yao kukiwa na meli ya karibu tani elfu moja. Nyaya za chuma zilipitishwa humo na kufungwa kwenye matishari, meli ikanyanyuliwa kidogo kidogo na kusogezwa kwenye kina kifupi, mpaka tarehe 24 Aprili 1961 mbao zake zilipotokea juu ya maji. Kwa kuwa mbao zilizojaa maji hupasuka na kusinyaa zikikaushwa, ilinyunyiziwa polietilini glikoli, kitu mfano wa nta kinachochanganyika na maji, kwa miaka 17 mfululizo, ili kichukue nafasi ya maji yanayotoka. Tazameni vilevile maelezo ya kengele ya kuzamia iliyotumiwa miaka ya 1660: watu walisimama ndani yake wakivuta hewa iliyonaswa, maji yakiwafika kifuani, katika baridi ya Baltiki, na wakafanikiwa kuopoa mizinga zaidi ya 50. Mwambie mtoto afikirie mikono inayofanya kazi hiyo bila kuona.

Kazi ya kuitunza bado inaendelea. Meli inakaa kwa uzito wake na mbao zinalegea taratibu, hivyo makumbusho yameingia katika mradi wa kuijengea kiegemeo kipya cha chuma. Msishangae mkiwakuta mafundi chini yake.

Chumba cha mifupa

Watu wapatao 30 walikufa siku ile, na mifupa iliyopatikana ndani ya meli na kandokando yake imewekwa katika chumba chake, pamoja na sura za baadhi ya watu hao zilizotengenezwa upya na wataalamu. Familia nyingi zetu hazijazoea kuona mabaki ya maiti yakionyeshwa, na wapo ambao dini na malezi yao yanawafanya waone kuwa wafu wastahili kuzikwa. Hisia hiyo ni ya haki na haina haja ya kufichwa mbele ya watoto. Mzazi mmoja aingie kwanza peke yake, aone, kisha waamue kama wote wataingia, kama wataingia wakubwa tu, au kama chumba hicho watakipita. Makumbusho hayajayaweka mabaki hayo kama kichekesho. Ndani pana utulivu, na kila mtu aliyetambulika amepewa jina la kubuni kwa kuwa majina yao halisi hayajulikani.

Mkiingia, salimuni kwa heshima kama muingiavyo makaburini, na ongeeni kwa sauti ya chini. Mwonyeshe mtoto mmoja tu, usimpitishe kwa wote. Ningemchagua yule aitwaye Gertrud, ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa mwanamume, mpaka mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimethibitisha kuwa alikuwa mwanamke. Yawezekana alikuwa mke wa baharia, aliyepanda kumsindikiza mumewe. Mtoto akiuliza kama aliogopa, mjibu kweli, kwamba bila shaka aliogopa, na kwamba maji yaliingia haraka.

Karibu na hapo kuna vitu vya mabaharia: viatu, vijiko, masanduku, na mchezo wa ubao. Watoto walioshtuliwa na mifupa hutulia wanapoona kwamba watu hawa walikula na kucheza, kwa hiyo msitoke kabla ya kuvipitia.

Chakula, nje, na baraza la familia

Ndani kuna mkahawa, na chakula chake ni kizuri ingawa si cha bei ya chini kwa familia kubwa. Kwa wasiokula nguruwe, fahamuni kwamba vipande vya nyama vya mviringo ambavyo Waswidi hupenda kuvila kwa viazi mara nyingi huwa na mchanganyiko wa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, hivyo ulizeni kabla ya kuagiza. Siku ya jua ni bora kubeba sambusa, chapati na chupa ya chai kutoka nyumbani, mkakae kando ya maji. Hapo nje kuna meli nyingine mbili za kihistoria zilizotia nanga, Sankt Erik, meli ya kuvunjia barafu ya mwaka 1915, na Finngrundet, meli ya taa ya mwaka 1903. Wakati wa kiangazi huwa wazi, na hizo mtoto anaweza kuzipanda, jambo litakalomfariji aliyekatazwa kuipanda Vasa. Msijaribu kuongeza Skansen, makumbusho ya wazi yenye nyumba za kale na wanyama, siku hiyo hiyo, ingawa iko karibu. Nayo yahitaji siku yake.

Mkiwa mnakula, kaeni baraza. Siku moja tu baada ya ajali nahodha, Söfring Hansson, alikuwa amekwisha kukamatwa na kuhojiwa, na baadaye baraza la uchunguzi likaitwa katika kasri la mfalme. Wagawieni watoto nafasi: mmoja awe nahodha, mmoja awe fundi Jacobsson, mmoja makamu wa amiri Fleming, na bibi awe hakimu. Kila mmoja ajitetee kwa yale aliyoyaona ndani. Nahodha atasema mizinga ilikuwa imefungwa vizuri na mabaharia hawakuwa wamelewa, kama alivyosema kweli nahodha mwenyewe. Fundi atasema alijenga kwa vipimo ambavyo mfalme aliviridhia. Makamu wa amiri atapata taabu kueleza zile mbio za watu 30. Hakimu akishatoa hukumu yake, ndipo muwaambie ile ya mwaka 1628: hakuna aliyeadhibiwa, kwa kuwa fundi mkuu alikuwa amekwisha kufariki, na aliyeridhia vipimo alikuwa mfalme. Watoto wengi hawataikubali, na watataka kurudi kuangalia tena madirisha ya mizinga au vijiti vya kupimia. Kabla ya kutoka, waulizeni wahudumu wa mlangoni kama tiketi zenu zinawaruhusu kurudi ndani siku hiyo hiyo. Na kama haziruhusu, watakaolipa tena safari ijayo ni wakubwa peke yao.